Masahihisho, Ukurasa wa 31

Gazeti liliitwa La Chanterelle.
Sista Odila alituambia ndio uzi mwembamba kuliko wote katika fidla,
ule unaokatika kwanza.
Akaongeza, akicheka peke yake, kwamba ni jina la uyoga pia.
Baba akalipendea hapo.

Alikuwa tarishi wa misheni, Bihawana.
Alilifuata Dodoma mjini kwa baiskeli isiyo na breki,
miezi mitatu baada ya tarehe iliyo kwenye jalada,
gazeti la muziki wa watu wanaosikiliza wamekaa,
hata mguu hautikisiki,
na upepo wa Agosti ukimpekua mifukoni
kama mtu anayedai chenji yake.

Sista akishasoma, linakuwa letu.

Leo nimeyapanga sakafuni yote.
Ukitaka historia yake usisome, pima kwa vidole:
haya ya mwanzo, unene wa chapati mbili,
karatasi inateleza, rangi nne.
Halafu tatu. Halafu mbili.
Mwaka wa sabini na moja mhariri, Bi Solange Perrodin,
anaomba radhi kwa kuchelewa:
ameuza piano yake kumlipa mpiga chapa.
Toleo linalofuata lina makala ndefu juu ya ukimya.

Ya sabini na nne hayapo.
Mwaka huo tulihamia kijiji kipya,
tembe tukaiacha, magazeti yakapanda punda,
na punda alipokunywa maji korongoni
mzigo nao ukanywa.
Yaliyosalia mchwa walionja pembezoni,
wakaacha katikati, penye noti.

Toleo la thelathini na nane ndilo lenye alama ya chai.
Mgeni mmoja alikuwa amekuja na mashine ya kunasa sauti,
akanywa pombe yetu ya mtama, akamnasa Baba na zeze lake,
akaondoka. Sasa huyu hapa Baba:
madoa meusi juu ya mistari mitano,
siafu wanaovuka njia.
Sista akatafsiri, sauti ikimpungua:
"Mpigaji ana kipaji,
ila uzi wa pili haukukazwa sawasawa."

Baba hakukasirika. Aliingia ndani, akatoka na zeze.
"Haukulegea. Umetegwa usubiri.
Wa kwanza unauliza,
wa pili unakataa kujibu upesi.
Mjibu-upesi ana lipi la kusema? Waandikie."

Akapiga. Sista akaandika, akafuta.
Akapiga tena. Sista akafuta mpaka karatasi ikatoboka.
Kuku waliingia kulala, wao bado wako kwenye uzi wa pili.
Stempu zilikula mshahara wa wiki nzima
na Mama hakusema kitu siku mbili.

Miaka minne.

Toleo la mwisho lina kurasa thelathini na mbili,
jalada jeusi na jeupe, pini moja badala ya mbili.
Bi Solange anaaga kwa mistari sita, halalamiki.
Na ukurasa wa thelathini na moja, chini,
chini ya tangazo la nyuzi za utumbo wa kondoo,
kwa herufi za kuumiza macho:
Katika toleo la 38, uzi wa pili ulikuwa sahihi.
Tunamshukuru Bw. Dahani wa Dodoma.

Ndahani. Ile N ilianguka njiani.
Baba aliweka kidole mahali ilipotakiwa kuwa:
"Kumbe na wao wana uzi uliolegea,"
akaenda kufungia mbuzi.

Penseli ninayo. Sijaiongeza.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine:
barua ilipomfikia, yule mama hakuwa na piano.
Alihakiki kwa nini?
Namwona mezani, bili zimemzunguka,
anaimba uzi wa kwanza kwa mdomo, pole pole,
kisha anafunga mdomo
na kusubiri.